Herufi moja kati ya bilioni tatu, na jina ambalo mama mkwe alilizuia

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari za huko mliko.

Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Toronto, na sijaongeza chumvi. Ambaye hataki stori ndefu apite kimyakimya, tutaonana nyuzi nyingine.

Mimi ni mwanamke, kwetu Songea, nimeolewa Upareni. Kazi yangu ni utafiti wa mutation, yaani yale mabadiliko madogo yanayotokea kwenye DNA kiumbe anaponakili maandishi yake ili kuzaa mwingine.

Msiogope, sitoi lecture.

Kwenye lab yetu tunafuga mwani wa chembe moja, ule unaofanya maji ya ndoo iliyosahaulika yawe kijani. Kila wiki nachukua kitone kimoja kwenye kisahani, nakihamishia kisahani kipya, vingine vyote natupa.

Sheria ni kwamba huchagui. Unachukua kilicho karibu na alama ya kalamu, kiwe kimenona kiwe kimekonda. Ukianza kupendelea vyenye afya umeharibu utafiti, maana makosa unayoyatafuta utakuwa umeyatupa mwenyewe. Mume wangu huwaambia watu kanisani kwamba mke wake analipwa kufuga uchafu wa ndoo, na mimi namwacha aseme.

Kilichonishika miaka yote hii ni kwamba chembe inanakili mamilioni ya herufi na inakosea mara chache mno. Na hayo makosa machache, yakirundikana zama na zama, ndiyo yametuletea samaki, mihogo, na wewe unayesoma hapa umejilaza. Isingekosea kamwe, mpaka leo tungekuwa ute wa kijani juu ya jiwe. Nikiliwaza hilo mwili bado unanisisimka.

Basi, nikajifungua mtoto wa kike.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Same kuja kunilea, tukampa kile chumba chenye dirisha kwenye basement tunayopanga Brampton, pembeni ya Toronto. Kwao binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Kwa hiyo alikuja na kanga zake na jina lake, Nakundwa. Tangu tulipompokea uwanja wa ndege wa Pearson alikuwa akiliita tumbo langu kwa jina hilo.

Mtoto alizaliwa na mikono mifupi, miguu mifupi, na paji la uso lililotokeza. Madaktari walituambia mapema kwamba huenda atakuwa mtu mfupi sana, akili zake hazina shida, ila atahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Wakachukua damu ya mtoto na ya sisi wazazi ili wathibitishe.

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Jina langu lisubiri kwanza."

Wakuu, niliumia. Kwenye cheti tuliandika Grace, lakini nyumbani binti yangu hakuwa na jina la ukoo, na kwao asiye na jina la ukoo ni kama mgeni aliyepita. Alikuwa anaitwa tu "mtoto". Mtoto amelala, mtoto ameamka.

Mnajua mambo ya kuchunguza ukoo. Kabla ya posa upande wa mume wangu walituma baba wadogo wawili mpaka Songea kuulizia kwetu kama kuna kifafa, kuna wazimu, kuna chochote. Walirudi wakasema ni kweupe. Sasa nikamsikia mama akiongea kwenye simu na mawifi zangu, akidhani naoga, kwamba wale wazee walilishwa kuku wakasahau kuuliza. Siku nyingine akauliza kama si dawa za huko lab nilizokuwa nazivuta na tumbo langu.

Mimi nina mdomo, mnaonijua humu mnajua. Lakini nilinyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa. Kuna aina za ufupi zinazorithiwa kimyakimya kwa wazazi wasio na dalili yoyote, na nani alijua majibu yatasemaje.

Siku ya majibu mama akasema lazima na yeye aende. Dada wa clinic akaeleza kwa utulivu, mume wangu akawa anamtafsiria mama yake.

Katika herufi za DNA kama bilioni tatu, imebadilika moja. Haipo kwenye damu yangu, haipo kwenye damu ya mume wangu, ni mpya. Na watoto karibu wote wenye hali hii duniani, yule dada akasema, wana badiliko hilohilo, mahali palepale. Kisha akaongeza kwamba karibu kila mara hutokea kwenye mbegu ya baba.

Mume wangu akaacha kutafsiri.

Hapo mpini nilikuwa nimeshika mimi. Ukoo wangu umesemwa wiki nenda wiki rudi, na sasa neno moja tu lingetosha kumrudishia mama mkwe mzigo wake. Ulimi uliniwasha, sifichi. Nilikuwa nameza mate niseme, mume wangu akanitangulia.

"Mama, imetokea kwangu. Sio kwa mke wangu."

Mama akamtazama mwanawe, akauliza polepole, "Kwa hiyo ni ukoo wetu?"

Nikajikuta hasira imekwisha. Yule mama alikuwa anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Nikamwambia, "Hapana mama. Sio wenu, sio wetu. Mwili ulikuwa unanakili, ukakosea herufi moja. Imeanzia kwa mtoto mwenyewe."

Tukatoka.

Pale nje kwenye viti alikaa bibi mmoja wa Kipunjabi na mjukuu wake wa kike, labda miaka mitano. Mikono ileile, paji la uso lilelile.

Wakuu, mimi nimesoma hayo mambo miaka mingi. Lakini kuyaona! Familia moja imetoka Punjab kule India, nyingine milima ya Upare, hazijawahi kukutana, na watoto wanafanana kama waliotoka tumbo moja, kwa sababu ya herufi moja. Machozi yalinitoka mbele za watu.

Mama mkwe alikuwa amesimama anatazama. Akaninong'oneza, "Na hawa ndio ukoo wake?"

Nikasema, "Kwa herufi hiyo, ndiyo mama."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda kukaa karibu na yule bibi. Lugha hawana hata neno moja la pamoja. Yule bibi akamgusa mjukuu wake kichwani, akataja jina lake.

Mama mkwe akamfunua mtoto kanga usoni. "Nakundwa," akasema. Kisha akajigusa kifua, "Nakundwa."

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kulitazama jambo miaka yote kwenye kisahani, na bado likakushangaza upya siku litakapolala mapajani mwako. Na tukituma watu kuchunguza ukoo wa mtu, tukumbuke kuna vitu havitoki kwa ukoo wowote.

Karibuni mseme na ninyi, hasa mliochunguzwa mpaka mababu. Wa kejeli nawasoma tu, sijibu. Na nikikaa kimya ghafla msinune, Nakundwa atakuwa ameamka.