Mabati Yaliyotangulia

Andika kama nisemavyo, mjukuu wangu, wala usinitilie sukari. Ukiona neno ni kali, liache na ukali wake.

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ya miti na udongo, kama zilivyokuwa nyumba karibu zote za mtaa ule, lakini juu yake kulikuwa na mabati. Babu yako aliyanunua moja moja katika miaka yake ya ukuli bandarini. Akilipwa, hununua bati, hulibeba kichwani kutoka mjini, akaliegemeza chumbani, nasi tukalala nalo kama mgeni mpaka lipate mwenzake. Wenziwe walinunua redio. Siku ya mvua ya kwanza baada ya kuezeka, alikaa ukumbini akaisikiliza ikipiga juu, asiseme na mtu mpaka ilipokoma.

Kisha mzigo ulimwangukia mgongoni. Alikuwa kibarua, si mwajiriwa, kwa hiyo bandari ilimpa pole na nauli ya kurudi nyumbani. Tangu siku ile hakuinua kitu kizito kuliko ndoo, na mimi ndiye niliyetazamwa na kila mdomo uliokuwa ndani ya nyumba ile, na wa mama yako mmojawapo.

Nilijua kazi moja. Kabla sijaolewa nilikuwa yaya katika nyumba moja ya Upanga, na mpishi wa pale, mzee mwenye hasira, alinifundisha kuoka boflo, mikate ya mkebe, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na hakutaka tajiri wake ajue. Nilijua kukanda, nilijua kusubiri unga uumuke, nilijua kwa kuingiza mkono kama tanuri lina moto wa kutosha. Nikachimba udongo wa kichuguu, nikajenga tanuri uani kwangu, nikalikausha kwa moto mdogo siku nyingi, likatoka zima bila ufa. Asubuhi watu wa viwanda vya Chang'ombe walipita mbele ya mlango wetu kwa mamia, wakiwa na njaa. Nilikuwa na tanuri, nilikuwa na wateja. Sikuwa na unga.

Unga wa ngano uliuzwa kwa gunia na kwa fedha mkononi. Mali kauli, yaani uchukue leo ulipe ukishauza, ilikwisha siku maduka ya jumla yalipochukuliwa na umma; mwenye duka wa zamani alinijua mimi na mume wangu, lakini karani wa ghala alilijua gunia tu. Upatu wa wanawake wa mtaani nilikuwamo, na zamu yangu ilipofika ilinunua hamira na mikebe ya kuokea, ikaishia hapo.

Nikaenda benki. Tulikuwa tumeambiwa kwenye mkutano kuwa benki sasa ni zetu, nami nililichukua neno hilo kama lilivyosemwa. Kijana wa kaunta alinipa shikamoo, akanipa na kiti. Akaniuliza kama nyumba yangu ina hati.

"Ina milango miwili," nikamwambia.

Hakucheka, alikuwa na adabu. Akanieleza kuwa nyumba ya udongo isiyo na hati si dhamana, na kwamba mikopo ilikuwa ya vyama vya ushirika, si ya mtu mmoja mmoja. Nirudi mtaani nikaunde kikundi, kikundi kiandikishwe, kisha viongozi wa kikundi waje. Nikamwambia wanawake wa mtaani kwangu hawajui kuoka, labda waje kula. Akasema, "Mama, benki hii ni yako, lakini ina utaratibu."

"Ikiwa ni yangu, mbona nimekaa upande huu wa kaunta?"

 Nikaondoka, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, kwa sababu nauli nilikuwa nimeitoa ya kwendea tu. Nilidhani nitarudi na fedha.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja mwuza boriti, fito na makuti. Alikuwa mtu wa swala tano, mtu wa kutoa, na uwanja wake wa boriti ulikuwa hatua chache kutoka msikitini. Nilimwendea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie sikopeshi kwa riba, Mungu ameiharamisha. Na bure pia sikopeshi, mie si mama yako. Lakini una kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa mabati. Akanipangia hivi: nimuuzie mabati ya nyumba nzima, yeye anipe fedha za magunia ya unga. Masika yalikuwa yamekwisha, kiangazi kirefu kilikuwa mbele yetu. Vuli ikikaribia nimrudishie fedha zake na ziada kidogo, naye ataniuzia mabati yale yale. Kwa njia hiyo hakuna riba, kuna biashara mbili za halali. Muadhini aliitwa awe shahidi. Nikaambiwa niseme, "Nimekuuzia." Nikasema. Naye akasema, "Nimenunua, na ukija kabla ya vuli nitakuuzia." Hapakuwa na karatasi, na hata ingekuwapo nisingeweza kuisoma. Kwangu mimi hiyo ilikuwa rehani. Neno la kuuza nililiona kama kilemba tu alichoivika rehani ili ipite mbele ya Mungu.

Babu yako nilipomwambia, aliinua macho akayatazama mabati. Kisha akasema, "Mwanamke, umeuza kofia ya mumeo akiwa ameivaa."

"Utaivaa tena kabla ya vuli," nikamjibu.

Mabati yaliposhushwa mtaa mzima ulitoka kutazama. Jirani yangu wa kushoto, mwanamke mwenye ulimi, aliuliza ukutani kwake kama tunahamia mbinguni, maana tumeshafungua njia. Nilimwambia atangulie akatuandalie. Tulilala chini ya miti mitupu ya paa. Magunia ya unga yalipokuwa matupu niliyafua, nikayashona pamoja, nikayatandaza usiku juu ya vyumba kuzuia umande, nikiyakunja kabla ya kuwasha tanuri. Kwa hiyo kila gunia lililoliwa na tanuri lilitufunika kidogo zaidi, na watoto walikuwa wakiniuliza tutaoka lini tena ili pembe yao nayo ifunikwe.

Sitaki kusema sana juu ya miezi ile, kwa sababu ilikuwa mizuri, na uzuri wake ndio uliokuja kunidhuru. Niliamka alfajiri, na jua lilipochomoza mikebe ilikuwa mitupu. Wafanyakazi walijua harufu ya uani kwangu. Yule jirani mwenye ulimi akaanza kunitumia watoto wake wabebe maji, ili walipwe mkate. Babu yako alikaa mlangoni akipokea fedha, mgongo umenyooka kama wa mtu mwenye ofisi. Fedha za mzee wa boriti niliziweka mbali na fedha za unga, sikuzigusa hata mtoto alipougua homa.

Zilipotimia, pamoja na ziada yake, mawingu ya vuli yalikuwa hayajaonekana. Nikavaa kanga safi, nikaenda.

Mzee alinikaribisha, akaniagizia kahawa. Nikaziweka fedha juu ya boriti, kati yetu. Hakuzigusa.

"Mabati hayapo, binti yangu," akasema. "Nimeyatoa msikitini. Wanawake na watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wanaswali juani, tukawaongezea upande wao. Ni wakfu."

Nikamwambia aliahidi kuniuzia.

"Niliahidi, na ningekuwa nayo ungeondoka nayo leo. Lakini siku ile ulisema nini mbele ya muadhini? Ulisema, nimekuuzia. Mtu akinunua kitu akakitoa kwa Mungu, kosa lake liko wapi?"

"Vuli haijafika."

"Haijafika," akasema. "Kheri imefika kabla yake."

Akanisogezea fedha zangu. Akaniambia nikanunue mabati mengine, na ziada ile nayo ibaki kwangu. Alisema kama mtu anayesamehe deni. Kahawa yake sikuinywa.

Nikapita msikitini. Upande wa wanawake ulikuwa umeezekwa vizuri, na watoto wa chuo walikuwa chini yake wakisoma kwa sauti. Matundu ya misumari ya babu yako yalikuwa hayajazibwa, kwa sababu fundi alipigilia penginepo, na jua lilikuwa likipita ndani yake likiwaangukia watoto vichwani kama nafaka zilizomwagika. Ningeyatambua mabati yale hata gizani, kwa kupapasa.

Nilimpeleka babu yako kwa shehe. Shehe alikuwa mtu wa haki, na sikuwa na la kumlaumu. Alituuliza yalivyokuwa, akamwita muadhini, muadhini akasema kweli yote, la kuuza na la ahadi. Shehe akafikiri, kisha akamwambia babu yako, kwa kuwa nyumba ni yake, "Mkisema hamkuridhia, tutayashusha. Mungu hapokei kitu chenye kinyongo. Semeni tu."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya babu yako. Niliuona mgongo wake, ule ulioangukiwa na mzigo. Nilingoja aseme. Chuo kilikuwa karibu, na sauti za watoto zilikuwa zikitufikia.

"Yaache, shehe," akasema. "Yametutangulia."

Njiani sikumsemesha mpaka tulipoukaribia mlango wetu. Hapo nikamwambia, "Si wewe uliyesema nimeuza kofia yako?"

"Ndiyo mimi," akanijibu. "Na kofia, mahali pake ni msikitini."

Alikuwa na furaha, mjukuu wangu. Andika hivyo. Tangu aumie sikuwahi kumwona ana furaha kama siku ile, na sikumsamehe furaha hiyo.

Nikaanza kutafuta mabati. Fedha nilikuwa nazo mkononi, fedha nilizozitafuta mwaka mzima, nilizonyimwa benki, nilizozipata kwa kulala nje. Nikagundua kuwa fedha si kitu. Katika miezi ile ile niliyokuwa nikioka, mabati yalikuwa yametoweka madukani. Yalitolewa kwa kibali. Mjumbe wa nyumba kumi, jirani yetu, aliniandikia barua, akanisikitikia, akanipeleka kwa katibu. Katibu akanipeleka ofisi nyingine, na huko ndugu mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni alinieleza kuwa bati linakwenda kwanza kwa shule, zahanati na maghala, kisha kwa nyumba bora. Nikauliza nyumba bora ni ipi. Akasema ni ya matofali. Nikauliza ya udongo je. Akasema, "Ya udongo, mama, ina makuti."

Vuli ikaanza. Makuti niliyanunua kwa yule yule mzee, maana pale mtaani hapakuwa na mwingine. Alitaka kunipa bure. Nililipa mpaka la mwisho, nikahesabu mbele yake ili asipate thawabu nyingine kupitia kwangu.

Tuliezeka, na jioni ile ile mjumbe akaja na kofia mkononi. Alilitazama tanuri, akayatazama makuti yaliyoning'inia karibu yake, akautazama upepo. Uani kwetu palikuwa padogo. Hapakuwa na mahali pa kulihamishia tanuri ambapo cheche zisingefika kwetu au kwa jirani. Yeye mwenyewe alikuwa mteja wangu.

"Mama, unaelewa," akasema.

Nilielewa. Kando ya mabati, tanuri lilikuwa kazi. Kando ya makuti lilikuwa moto wa mtaa mzima. Nilimwambia sitaliwasha mpaka nipate bati, naye alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. Asubuhi iliyofuata watu wa viwandani walipita, wakasimama, wakachungulia. Babu yako akawaambia mkate hakuna leo. Kesho yake akawaambia vile vile. Baadaye hawakusimama tena.

Zile fedha tulizila. Hakuna aliyeniibia, wala sikuzitumia vibaya. Nilinunua unga wa sembe, nikanunua mafuta ya taa, nikamlipia mama yako sare ya shule. Mtu akikuambia mtaji unapotea, jua kuwa mara nyingi haupotei. Huingia tumboni polepole, kwa sababu za haki, na kila siku unaona sababu ya siku hiyo. Ofisini nilikwenda mpaka walinzi wakanizoea. Benki sikurudi.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makubwa. Makuti yalistahimili, nyumba ilisimama. Tanuri halikuwa na kitu juu yake. Nililifunika kwa magunia, magunia yakaloa. Nikalifunika kwa mkeka, upepo ukauchukua. Mwanzoni liliteremka mdomo, kisha likapasuka ubavuni, kisha asubuhi moja nikakuta limekaa chini kama mtu aliyechoka. Mvua zilipokatika niliukusanya udongo ule, nikauponda, nikakandikia ukuta wa uani uliokuwa umemomonyoka. Ulikuwa udongo mzuri. Haukufaa kuachwa.

Babu yako aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ikinyesha wakati wa swala alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyesikia habari njema, akasema ameyasikia. Mimi nilialikwa mara nyingi kwenye darasa la wanawake, nikasema nina kazi. Kazi sikuwa nayo.

Siku ya mazishi yake walijaa watu nisiowajua. Mzee wa boriti, ambaye wakati huo alikuwa akitembelea fimbo, alisimama akasema marehemu aliezeka nyumba ya Mungu kwa jasho la mgongo wake, na watu wote wakaitikia. Wanawake walinijia mmoja mmoja, wakanipa mkono, wakaniambia sina haja ya kulia, mume wangu amejiwekea akiba. Boflo hazikutajwa, wala sikutegemea zitajwe. Niliwapokea wote nikiwa nimekaa uani, nimeuegemea ukuta, na pale nilipoegemea palikuwa bado na vipande vyeusi vya masizi katikati ya udongo.