Baragumu Aliponyamaza

Huyu ninayetaka kuwaeleza habari zake hakuhitaji kusogelewa ili asikike. Ungeweza kuwa chooni umefunga mlango, umewasha na redio, bado angekufikia. Mji mzima walimwita Baragumu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, likalala humo usingizi wa pono.

Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alikuwa na pikapu kuukuu rangi ya maziwa, juu yake spika mbili zilizofunua midomo kama maua ya maboga, chini ya kiti betri na amplifaya, na mkononi maiki iliyozungushiwa utepe mweusi pale ilipopasuka. Duka jipya likifunguliwa, Baragumu. Maji yatakatika kesho, Baragumu. Chanjo imefika zahanati, msiba umetokea, mbuzi hajulikani alipo, wa kuambiwa ni Baragumu.

Na aliipenda kazi hiyo, jamani! Wenzake hufanya kazi ili wale, yeye alikula ili apate nguvu za kusema. Alitangaza hata nyumbani. Chai ikichelewa, sauti ingetoka sebuleni, "Tangazo, tangazo! Kinatafutwa kikombe cheupe, mkono wake umekatika, mara ya mwisho kilionekana maeneo ya jikoni..."

Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi, angejibu bila kuinua uso kwenye nguo, "Mwenye kikombe ana miguu. Kikombe hakina."

Katika nyumba hiyo ya kelele ndimo alimolelewa mjukuu wao, binti wa miaka tisa, ambaye hakusikia hata radi. Mama yake alipata kazi mji wa mbali, akamwacha kwa babu na bibi tangu ananyonya kidole. Babu na mjukuu walikuwa chanda na pete. Mtoto alijifunza lugha ya alama shuleni, akirudi anamfundisha babu, na babu akaisema kama alivyosema ya mdomo, kwa fujo, akiangusha vikombe. Bibi alijua alama chache tu, kula, oga, lala, acha hiyo. Mikono yake, alisema, ilikuwa na kazi kwenye cherehani. Akiwakuta wawili hao wanacheka kimyakimya angenuna kwa utani, "Haya, mke mwenzangu, nisengenyeni. Mungu anawaona."

Sasa ikaja mvua ile ya upepo. Darasa la watoto viziwi lilikuwa chumba kimoja mwisho wa uwanja wa shule, na upepo ukang'oa paa lake lote ukalitupa ng'ambo ya barabara kama mtu aliyevua kofia. Watoto wakahamishiwa stoo ya majembe, wakawa wanasoma wamekalia magunia. Ofisi ya elimu ikatoa neno lake: kama muhula mpya utafunguliwa chumba hakijaezekwa, watoto wote watapelekwa shule ya bweni, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Baragumu alirudi kutoka mkutano wa wazazi bila kutangaza kitu. Mkewe akamgusa paji la uso, akidhani ana homa. Mtoto alipoelezwa, alishika pindo la shati la babu yake na hakuliachia hata alipopitiwa na usingizi. Ikabidi shati livuliwe, alale nalo.

Kesho yake Baragumu aliingia barabarani kwa moto mmoja. Alitangaza habari ya lile paa asubuhi na jioni, sokoni, stendi, mpaka nyuma ya kiwanda. Akatia mashairi, akatia vichekesho, akalia machozi ya kweli ndani ya maiki. Wiki ikaisha. Kilicholetwa shuleni kilikuwa mabati machache yenye kutu na mlango mmoja ambao mtu alitaka tu kuuondoa uani kwake.

"Hawana huruma!" alifoka nyumbani. "Watu wa mji huu mioyo yao mawe!"

"Wanayo," mkewe alisema, pini zikiwa mdomoni. "Hawakusikii, ndiyo shida. Wewe umekuwa kama saa ya ukutani, mume wangu. Nani husikia saa inavyogonga? Siku ikisimama ndipo watu huinua macho."

Alitaka kumchokoza tu. Lakini Baragumu alisimama katikati ya chumba, kikombe hewani, na macho yakaanza kumwaka.

"Sema tena."

"Nimesema unyamaze! Miaka yote hii nimekuwa nikisema unyamaze!"

Akambusu mkewe kwenye utosi, pini na vyote, akatoka mbio kumtafuta mwalimu wa viziwi, dada mmoja mrefu mwepesi wa kucheka. Wakakaa kwenye magunia ya stoo, babu, mwalimu na mjukuu, mikono ikiruka kama inafukuza nyuki, na kabla jua halijashuka mpango ulikuwa umekamilika. Bibi akashona vitambaa viwili virefu vya kufunga ubavuni mwa pikapu, herufi nyekundu kubwa: JUMAMOSI, UWANJA WA SHULE, NITASEMA. NJOO NA MACHO.

Basi, hakuna kingine. Jumatatu pikapu ikatoka, spika juu, Baragumu kwenye usukani, na kimya.

Ungeuona mji siku ile! Watu walitoka bafuni na sabuni usoni. Kinyozi alisimama mlangoni na mteja aliyenyolewa upande mmoja. "Baragumu! Kuna nini?" Naye anapunga mkono, anatabasamu, anapita. Kufika njia panda, fundi wa redio akaruka juu ya pikapu na bisibisi, akafungua spika zote mbili, akapuliza vumbi, akaunganisha nyaya, akapiga kelele kwa wote waliokusanyika, "Mashine ni nzima kabisa! Mgonjwa ni mwenyewe!"

Maneno hayo yakawahi kufika nyumbani kuliko gari. Baragumu aliporudi alikuta ua umejaa wanawake, mwenye tangawizi, mwenye asali, mwenye limau, na mama mmoja kwenye mkeka amekwisha anza kulia.

"Pole, dada," mama huyo alimwambia mkewe. "Sauti ile! Ndiyo ilitangaza harusi yangu."

"Asanteni, asanteni," fundi cherehani alijibu kwa uso wa msiba, akizipokea zile asali. "Tuombeane. Mimi mwenyewe sijui nitakavyoizoea raha hii."

Siku zikaenda na mji ukawa hauzungumzi lingine. Jumamosi kuna nini? Ameokoka? Anagombea? Jumatano mwenye duka la samani, tajiri aliyezoea kuitikiwa, alimsimamisha barabarani. Alikuwa anashusha bei ya makabati na vitanda, akataka itangazwe siku hiyo hiyo.

Baragumu akaonyesha kitambaa: Jumamosi.

"Mimi nataka leo! Nakulipa mara mbili." Kichwa kikatikiswa. "Mara tatu! Wewe ni baragumu gani usiyelia? Nikikutafutia mwenzako mwenye koo, usije kwangu na njaa zako!"

Mate yalimjaa Baragumu kinywani kwa majibu aliyokuwa nayo. Matatu, na yote matamu. Akayameza kama dawa ya malaria, akaendelea na safari.

Ijumaa mchana, mjukuu ametoka shule na amekaa pembeni yake garini, mwanamke mmoja alitokea mbio katikati ya barabara, kiatu kimoja mguuni. Baragumu alimjua. Mwanawe alikuwa darasa moja na mjukuu wake.

"Baba yangu, nisaidie! Mwanangu simwoni! Nilimwachia mkono sokoni kulipa vitunguu tu, kugeuka, hayupo! Na malori yale, yeye hayasikii!"

Tayari soko zima lilikuwa linamtafuta. Baragumu alikitazama kitambaa, akaitazama maiki. Akivunja kimya, Jumamosi imekufa. Watu watasema, kumbe ni mzima, alikuwa anatuchezea. Na Jumamosi ikifa, paa limekufa, na huyu aliyekaa pembeni yake atapanda basi. Aliyafikiri hayo kwa muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha akaivuta ile maiki.

"TANGAZO, TANGAZO! MTOTO AMEPOTEA!"

Mji ukashtuka kama umemwagiwa maji. Akataja shati la bluu, kaptura ya kahawia, akataja jina. Mamia wakalipokea jina lile. Wauza mitumba, wapakia mizigo, kina mama, wote mikono mdomoni, wanaliita, wanaliita mpaka mishipa ya shingo inasimama, na Baragumu mwenyewe anawaongoza kwa spika mbili.

Mjukuu akamvuta mkono. *Wanafanya nini?*

*Wanamwita rafiki yako.*

Mtoto akawaangalia watu wote wale wenye midomo wazi, kisha akamwangalia babu yake kwa jicho la huruma, lile wanalotupa watoto tukishindwa kufungua mfuniko. *Jina lake siyo hilo. Jina lake ni hili.* Akagusa shavu la kushoto kwa kidole cha shahada, mara mbili, pale rafiki yake anapobonyea kishimo akicheka.

Baragumu akajipiga kofi la kichwa. Mji mzima, naye akiwa mbele, wanamwita kwa sauti mtoto asiyesikia!

"SIMAMENI!" spika zilinguruma. "Nyamazeni wote! Jina hilo tunaloita yeye hajawahi kulisikia. Nyote inueni mkono wa kushoto. Wa kushoto, wewe muuza viatu! Kidole cha shahada. Gusa shavu lako, gusa tena. Hilo ndilo jina lake! Kila mtoto wa shati la bluu mtakayemwona, piteni mbele ya macho yake, mwiteni hivyo!"

Mtu mmoja akajaribu, wa pili akajaribu. Mara soko lote likanyamaza, na katika kimya kile kila mkono ukawa shavuni. Wapakia mizigo wanagusa mashavu. Askari wa barabarani anaongoza malori kwa mkono mmoja, wa pili uko shavuni.

Kwenye duka la samani, yule tajiri alikuwa kibarazani amenuna. Alisikia tangazo, akageuka kuingia ndani. Mwishoni kabisa mwa duka, mbele ya meza ya kioo yenye vioo vitatu, alisimama mtoto wa shati la bluu akijionyesha meno mwenyewe mara tatu kwa pamoja. Wafanyakazi walikwisha pita hapo wakipiga kelele, hakugeuka, wakadhani ni mtoto wa mteja.

Tajiri akanyata. Akasimama nyuma yake, akatokea kwenye kioo, mtu mzima na kitambi chake. Akatazama kushoto na kulia kama kuna anayemwona. Kisha akainua kidole, akagusa shavu, akagusa tena.

Mtoto akaliona jina lake kwenye vioo vyote vitatu. Akageuka, na kishimo kikabonyea hadi ndani.

Tajiri alimrudisha sokoni amembeba mabegani, jasho linamtiririka, akipayuka kuliko spika, "Nimemwita, akaitika! Mimi! Nimemwita kwa jina lake, akaitika!"

Jumamosi asubuhi Baragumu hakutaka kutoka. "Nitasema nini tena? Nimekwisha sema. Hakuna atakayekuja."

"Vaa shati," mkewe alisema. "Lile ambalo mke mwenzangu alilala nalo."

Walipofika hawakupata mahali pa kuegesha. Uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta, na wote walipoiona pikapu walinyosha vidole mashavuni na kucheka. Baragumu akapanda jukwaani. Akajikohoza mbele ya maiki. Kisha akarudi nyuma, akainua mikono, akaanza kusema nayo.

Alisema kwa kirefu, mnamjua. Mikono ilipanda, ikashuka, ikazunguka. Safu ya mbele watoto viziwi walishika mbavu, mmoja akaanguka kwenye benchi kwa kicheko. Nyuma yao watu walianza kutazamana. "Anasema nini? Mbona wao wanacheka? Wewe umeelewa?" Hata tajiri alikuwa ananyosha shingo kama bata. Alipomaliza, mwalimu akaishika maiki.

"Amesimulia kisa cha mkewe na kikombe," alisema. "Kizuri sana. Poleni mliokikosa. Anayetaka kuelewa kingine, darasa letu ni lile pale. Tutafundisha na wakubwa, kila jioni. Ila halina paa."

Kicheko kilianza pembeni, kikavuka uwanja, na juu yake ikasikika sauti ya tajiri, "Mbao zote ni zangu! Zote! Sasa niambieni alichosema juu ya mkewe!" Hapo tena hapakushikika. Mwenye mabati akapaza sauti, mwenye misumari, mwenye lori. Mafundi walianza kubishana nani apande kwanza. Fundi wa redio, ambaye hakuna aliyemwita, alikwisha kuwa juu ya ukuta na bisibisi yake.

Muhula ulipofunguliwa, chumba kilikuwa kimeezekwa na kupakwa rangi, na hakuna mtoto aliyepanda basi. Baragumu alirudi barabarani na matangazo yake, vitanda na makabati yakiwa ya kwanza. Lakini jioni ya kwanza ya darasa la wakubwa aliporudi nyumbani alikuta cherehani imefunikwa na chai haipo. Akaenda shuleni kuchungulia dirishani. Mwalimu alikuwa ubaoni, na mjukuu wake pembeni akiwa msaidizi, ameshika rula. Benchi la mbele kabisa, mbele hata ya tajiri, alikaa mkewe, mikono hewani.

"Pole pole, mama," mwalimu alikuwa akimwambia. "Tunaanza na salamu."

"Salamu nitajifunza kesho," alisema fundi cherehani. "Leo nifundishe kikombe. Nataka kujua huyu mzee alisema nini juu yangu mbele za watu."