Nta ya Jino la Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kazi yangu ya kila alfajiri ilikuwa kuziba jino la baba. Watoto wenzangu walichota maji na kufungulia ndama. Mimi nilifanya hayo yote, na juu yake nilikuwa na jino. Leo nasema hivyo bila kujisifu, ingawa wakati ule nilijisifu sana.

Tulikaa upande wa Songwa, huko Shinyanga, mwendo wa saa moja kutoka mgodi mdogo wa almasi ambako baba, Masanja, alikuwa mchambuzi. Kazi ya mchambuzi ilikuwa kukaa mezani na kupitisha changarawe iliyokwisha kuoshwa, chembe kwa chembe, akitafuta ile moja inayong'aa kwa namna yake. Haikutaka nguvu, ilitaka macho. Mama alipenda kusema kwamba baba akisimama mlangoni kwetu anaweza kuona kupe kwenye ng'ombe wa jirani. Mama naye alikuwa hodari wa kuongeza chumvi, lakini si nyingi.

Jioni, kabla ya kutoka, kila mfanyakazi alipekuliwa. Walitazama nywele, walitazama kati ya vidole vya miguu, na mwisho walitazama kinywa. Aliyesimamia upekuzi ni Bwana Ramadhani, mtu wa Tabora, mpole na mstaarabu, mwenye kijiti bapa cha kukandamizia ulimi. Siku moja kijiti chake kilisimama kwenye gego la juu la baba, upande wa kulia. Lilikuwa limetoboka.

"Masanja, tundu hili linalaza punje ya mtama," alimwambia. "Mimi nakujua. Anayenikagua mimi hakujui. Nenda likang'olewe. Mwisho wa mwezi likiwa bado limo, mezani hutakaa tena."

Baba alikuja kulisema hilo nyumbani wakati wa kula, na Bibi akaweka tonge lake chini. Bibi Nyamizi alikuwa mama yake baba, na katika nyumba yetu neno lake lilikuwa la mwisho hata pale lilipokuja la kwanza.

"Jino la chini ni lako, ling'oe ukitaka," alisema. "Jino la juu mzizi wake umefungwa na jicho. Ukilivuta, umelivuta na jicho."

Wengi kwetu waliamini hivyo, lakini Bibi hakuwa akisema habari za kusikia. Mdogo wake wa kiume aliwahi kung'olewa jino la juu na mtu mmoja aliyepita kwenye minada na koleo lake. Bibi ndiye aliyemuuguza. Kwa wiki nzima alimkanda uso kwa maji ya moto, na jicho likafa hivyohivyo mikononi mwake. Baada ya kuona kitu kama hicho, mtu hahitaji tena kufundishwa.

Basi baba akawa amebanwa pande zote mbili. Asipong'oa, meza inakwenda. Aking'oa, jicho linakwenda, na mchambuzi asiye na jicho meza yake imekwenda pia. Nakumbuka alikaa muda mrefu akigeuzageuza mchicha kwenye sahani bila kula. Sijui alifikiria nini. Najua tu kwamba alimtazama mama yake kama mtoto anayesubiri kuambiwa la kufanya, na Bibi akamwambia.

Dawa ya Bibi ilikuwa nta. Mjomba alikuwa na mizinga, kwa hiyo nta haikuwa shida. Bibi aliichanganya na jivu jeupe mpaka ikapata rangi ya jino la mtu mzima, akaihifadhi kwenye kibuyu. Alfajiri aliilainisha juu ya mfuniko wa chungu, akanikatia kipande. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kukakamaa, vya mama vilikuwa vinene, vyangu vikafaa. Baba alikaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ukutani, akafungua kinywa. Mimi nilisimama kati ya magoti yake, nikausafisha mdomo wa lile tundu kwa mwiba uliokatwa ncha, nikasukuma nta, nikaisawazisha kwa ukucha. Kisha Bibi alisogea na kibatari kukagua.

"Ng'wanawane, limetulia?" aliniuliza kila siku, akiniita mwanawe kwa Kisukuma.

"Limetulia, Bibi."

Lilikuwa na masharti yake. Baba alikatazwa kupitisha mswaki upande ule, mzizi usije ukatikiswa. Alikatazwa uji wa moto, kwa sababu nta ingeyeyuka. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo hata mwenye meno yote huitafuna kwa kuihurumia, alirowekewa kwenye maji. Wenzake kazini walimtania kwamba Masanja amekuwa bwana mkubwa, anapoza uji wake kama mzungu apozavyo chai. Yeye alicheka akiwa amefumba mdomo.

Jioni Bwana Ramadhani alitazama lile gego, akaona pamejaa vizuri. Baba hakusema ameling'oa wala amelizibisha. Hakuulizwa. Bwana Ramadhani aliitikia kwa kichwa tu na kumwambia apite. Wiki mbili zikapita hivyo, na nyumbani tukaanza kujiona wajanja.

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Mimi niliona. Kuanzia wiki ya pili palitokea kijipu cheupe kwenye ufizi, juu ya lile jino. Nilipochokonoa kwa mwiba, usaha ulitoka na harufu ikajaa pale tulipokaa. Nilipoziba, haukutoka tena. Baba alifumba macho, machozi yakamtiririka. Bibi, ambaye macho yake hayakuona karibu, aliniuliza kama limetulia, nikamjibu limetulia. Sikuwa na nia mbaya. Nilijua tu kwamba nikisema jingine, nta itaondolewa, na mimi nitarudi kuwa mtoto wa kuchota maji kama wengine. Mtoto akipewa cheo hukishika kwa meno, na mimi nilikishika kwa meno ya baba.

Siku mambo yalipoharibika baba alikuwa ameamka na shavu limejaa. Bibi alimfunga kitambaa, baba akaenda kazini. Jioni mbele ya Bwana Ramadhani alishindwa kufungua kinywa sawasawa. Kijiti kililazimishwa, kikagusa nta, na nta ikadondoka kwenye kiganja cha mpekuzi.

Hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kuziba jino lake kwa nta na asiwe ameficha kitu ndani. Hata mimi ningekuwa wao nisingeamini. Wakamtoa kwenye mstari. Wakaiponda ile nta juu ya karatasi, wakaichambua, na waliopewa kazi ya kuichambua ni wenzake wa mezani. Wakalichokonoa tundu. Hawakupata kitu ila uvundo. Bwana Ramadhani alimsindikiza mpaka getini na kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba asirudi mpaka awe na karatasi ya hospitali, na hata hapo hawezi kumwahidi chochote. Baba alituambia kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba yule bwana hakumtazama usoni.

Kufikia asubuhi jicho la kulia lilikuwa limefumba. Uvimbe ulikuwa umepanda kutoka shavuni mpaka kwenye kope, mwekundu na wa moto. Bibi alipoingia kumtazama alishika mlango.

"Nilisema," alisema. "Nilisema jicho litakwenda."

Baba alikuwa amelala chali. Sikuwahi kumsikia akimpinga mama yake kabla ya siku ile, na hata siku ile hakumpinga kwa ukali. Alisema polepole, maana mdomo haukufunguka:

"Mama, jino bado limo."

Mama ndiye aliyefunga khanga kiunoni akaenda barabarani kusimamisha lori la pamba. Tulipakiwa juu ya magunia, baba, mama, Bibi aliyekataa kubaki, na mimi niliyekataa zaidi yake. Njia nzima mpaka hospitali ya Shinyanga Bibi alikiweka kichwa cha mwanawe kwenye mapaja yake na kulikinga lile jicho na vumbi kwa kiganja.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyetupokea aliitwa Petro, Msumbwa wa Ushirombo, kijana aliyevaa msalaba mdogo shingoni. Alimwamkia Bibi kwanza, na alipoona Kiswahili chake ni cha kuombea maji, akaongea naye Kisumbwa, ambacho Bibi alikisikia kwa kuwa kinakaribiana na Kisukuma chetu. Aliling'oa jino tukiwa mlangoni. Kilichotoka nyuma yake sitakieleza. Alipomaliza alitoka akifuta mikono, akauliza nani alikuwa akiziba.

"Mimi," nilisema.

Nilingoja kofi. Alichuchumaa mbele yangu. "Ulipoziba, uchafu ulikosa njia ya kutoka. Ndiyo maana ukapanda juu. Uliona usaha?"

Nikamtazama Bibi, kisha nikasema niliona. Ilikuwa mara ya kwanza kuikubali kweli hiyo kwa kinywa changu, na Bibi alikuwepo akiisikia.

Bibi akamweleza dresa habari za mdogo wake, kwa kirefu, kama mtu anayetoa ushahidi. Petro alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Mama," alimwuliza, "mdogo wako alivimba uso kabla ya kung'olewa au baada?"

Bibi alifikiri. Niliona midomo yake ikienda kana kwamba anahesabu siku.

"Kabla," alisema.

"Basi uliona sawa, mama. Jino la juu na jicho ni majirani, nyumba ikiungua moto hupanda. Lakini watu hulivumilia jino mpaka moto umekwisha kupanda, ndipo wanaling'oa. Jicho likifa, lawama inakwenda kwa koleo."

Siku ya nne jicho la baba lilifunguka, na likaona. Mezani hakurudi. Karatasi ya hospitali aliipeleka, wakaisoma, wakampa kazi ya kuosha changarawe, kwa beleshi na maji, mshahara mdogo na mgongo ukimuuma. Jina lake na neno nta vilikwenda pamoja pale mgodini mpaka alipoacha kazi. Hakunilaumu hata mara moja. Ningefurahi kama angenilaumu, nadhani, kwa sababu ningepata pa kulia.

Alichofanya ni kutupeleka kwa dresa. Miaka iliyofuata Petro alikuwa akija kwenye zahanati ya karibu nasi, na kila msimu baada ya kuuza pamba, na tena kabla ya mvua, baba alitupanga mstari: mama, mimi, na mdogo wangu Maduhu. Hatukuwa tunaumwa. Majirani walitucheka, wakasema ni nani anayekwenda kwa mganga akiwa mzima. Baba aliwajibu kwamba yeye aliwahi kwenda akiwa mgonjwa na hakupenda.

Bibi hakwenda. Alitusindikiza mpaka kwenye uzio, akarudi. Alikuwa na gego lake la juu lililomsumbua, tulijua kwa jinsi alivyotafuna upande mmoja, lakini hakuna aliyethubutu kumgusia. Yale maneno ya Petro aliyasikia na akayakubali mbele yake, ila mtu aliyeona jicho likifa kwenye viganja vyake haachi kuogopa kwa sababu ameshindwa na swali.

Kisha Maduhu, alipokuwa na miaka sita, alitobokewa jino na kukataa katakata kwenda. Alijificha nyuma ya Bibi. "Bibi mwenyewe haendi," alisema. Baba akamwacha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Bibi alimsikia. Safari iliyofuata ya Petro, Bibi aliamka mapema, akavaa kaniki yake mpya, akamwonyesha mama alipoweka mbegu za mtama na za karanga, akaniagiza nilete mbuzi wake karibu awatazame. Aliwatazama mmoja mmoja. Mwisho akamwita Maduhu, akamshika uso kwa mikono miwili na kumwangalia muda mrefu sana, mpaka mtoto akaanza kucheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni uzee.

Akaenda, akang'olewa, akarudi na kiganja juu ya jicho la kulia. Petro alimwambia aondoe, akakataa. Njia nzima aliliziba. Tulipofika uani alikaa kwenye kigoda, akamsimamisha Maduhu hatua chache mbele yake, akafumba jicho la kushoto kwa kidole, ndipo akaondoa mkono.

"Una kamasi," alimwambia. "Futa. Kesho ni zamu yako."

Na kesho yake Maduhu alikwenda, akatangulia mbele yetu wote.

Kwa muda mrefu kisa hiki nilikisimulia kama kisa cha ujinga, wa Bibi na wangu, na watu walicheka mahali pa kucheka. Sasa mimi mwenyewe nina wajukuu, na nikiwapeleka kutazamwa meno nakaa kwenye benchi nikiwaza lile jambo la mbuzi. Sisi wengine tulikwenda kwa dresa tukijua tutarudi na macho yetu. Bibi alikuwa amekwisha kuliaga lake, na alikwenda hivyohivyo, ili mjukuu wake apate kufungua kinywa.