Nilikata ukimya kwenye voice za bibi, nusura niwagombanishe ndugu wawili

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni, wengine habari zenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara sita. Huu wa saba naupandisha ulivyo, na ni kweli tupu.

Naishi Kiseke na bibi yangu, Agripina. Mdogo wake, Bibi Vero, yuko Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa. Wote wamevuka sabini.

Bibi simu ya kupiga haisikii vizuri. Kwa hiyo Bibi Vero alipopewa smartphone na mwanae, nikamfundisha kutuma voice note. Zinaingia kwangu, namwekea bibi kwenye spika, naenda zangu kuosha vyombo.

Voice zenyewe ziko hivi: "Shikamoo dada." Kimya. "Za huko?" Kimya. "Miguu je?" Kimya.

Mpaka aumalize ukoo mzima, dakika tatu. Nusu yake ni kuku wa jirani.

Sasa mimi ku-edit sauti nimejifunza mwenyewe mtandaoni, na nina ugonjwa: rekodi ikiwa na sehemu tupu, silali. Nikaanza kuzikata. Dakika tatu ikawa sekunde arobaini. Safi kabisa. Nilijipongeza.

Ya kwanza bibi hakusema kitu. Ya pili akauliza, "Vero ana haraka ya wapi?" Ya tatu akaniambia nizime.

Tatizo ni kwamba Alhamisi bibi alikuwa afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho, na wa kumuuguza ni Bibi Vero.

"Mwambie asije," akasema. "Mtu asiyesubiri marahaba yangu, atanisubiri hospitali?"

Nikasema labda ni mtandao. (Wakuu, haukuwa mtandao.)

"Mtandao haumkimbizi mtu. Hiyo ni dharau."

Siku mbili chakula hakinipiti. Jumanne nikakiri. "Bibi, ni mimi niliyekata."

"Ulikata nini?"

"Pale anaponyamaza."

"Ananyamaza nimjibu, wewe!"

Faili za mwanzo, kabla ya kukata, huwa sifuti. Nikamwekea ile ya kwanza, safari hii nikabaki palepale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Vero."

"Za huko?"

"Nzuri, mvua tu imegoma."

"Miguu je?"

"Huu wa kushoto bado."

Kila jibu liliingia kwenye nafasi yake. Hakuna neno lililogongana na lingine.

"Basi aje," bibi akasema. "Na wewe usiishike tena simu yangu."

Simu ni yangu. Sikubisha.

Jumatano Bibi Vero akashuka melini na mfuko wa dagaa. Alipofika mlangoni akasema, "Shikamoo dada," akasubiri.

Nikahesabu kimoyomoyo. Sekunde nne, kama kwenye rekodi.

"Marahaba," bibi akajibu, ndipo mfuko ukapokelewa.

Operesheni ilienda salama. Jicho sasa linaona, na kitu cha kwanza lilichoona ni kwamba nimekonda.

Nilichojifunza: kabla hujamrekebishia mzee kitu, muulize kwanza kina kazi gani.

Haya, nipondeni. Au niambieni, nani mwingine humu amewahi kusafisha kitu ambacho hakikuwa kichafu?