Aliyeingia Wakati wa Metimani

Mtoto wa dada yangu alizaliwa hana pumzi, na bibi akasema tuingie metimani. Kwetu Wairaqw, huku juu ya Karatu, ni desturi ya zamani: nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo hujitenga. Jirani haingii, wala hanywi nanyi chochote, mpaka muda upite. Wengi wameiacha. Bibi hakosi kanisani Jumapili, na metimani pia hakuiacha.

Nilikuwa nyumbani likizo ya chuo na nilitaka kujua inavyokuwa, kwa hiyo nikawa naangalia. Akina mama wa jumuiya walikuja wakasimama nje ya ua, wakasali, wakaacha mahindi kwenye majani, wakaondoka. Sikuona ubaya wowote kwao, wengine walilia. Lakini ndani dada yangu, kifua amekifunga kwa kanga kuzuia maziwa, alikuwa ameacha kula. Siku hiyo aliniuliza, "Na Mungu naye amesimama pale nje?"

Nikamsogezea bakuli. Uji wake ukapoa tena.

Kesho yake asubuhi alikuja mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa kutoka upande wa Ngorongoro. Hakusimama nje ya ua. Alipita moja kwa moja, shanga zikilia.

"Wee mama!" bibi akapaza sauti. "Hapa haingii mtu!"

"Nimeshaingia, bibi. Nirudi kinyumenyume kama ng'ombe aliyekwama?"

"Tuna metimani."

"Najua. Njia nzima wameniambia. Wenyeji wa huku mnasema sana."

Akang'oa majani mabichi mlangoni, akaingia chumbani, akakaa sakafuni karibu na dada. Nilisogea kuona. Alimshika kichwa, majani yakiwa mkononi, akamtemea mate kidogo utosini. Kwao majani na mate ni baraka. Kisha akaomba kwa Kimaa, taratibu, kama mtu anayezungumza na aliye chumba hichohicho.

"Unamwambia nini?" nikauliza.

"Namwambia aangalie huyu. Sisi Mungu tunamwita mama. Wewe msomi, mama gani anakaa nje mtoto akilia ndani?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Nilitegemea ugomvi. Akasema, kama anayekubali jambo asilopenda, "Hata sisi, Looaa, Mungu wa wazee wetu, ni mama."

Dada alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu kuzikwa kwa mtoto. Mgeni hakumnyamazisha. Alipotulia, yule mama alijifuta jasho, akasema, "Nimepanda mlima wote huu. Nyumba hii haina chai?"

Hapo tukatazamana. Kunywa pamoja ndiko kulikokatazwa hasa. Dada akainuka, akajishika ukuta, akaenda jikoni kuchochea moto. Alirudi na birika na vikombe, akakaa navyo mkononi akimtazama bibi.

Bibi akavuta kigoda. "Mmiminie mgeni," akasema. "Na wewe ujimiminie, unywe."

Dada akanywa.