Siku Kompyuta Ilipompa Mkude Maji Yote

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiifikiria hadi leo moyo unanienda mbio. Umeniambia kwamba vitufe vyote vya ukurasa unaoutengeneza vinatoa jibu moja, umehangaika navyo wiki nzima, na sasa unataka kuiuza hiyo kompyuta uanze kuuza nguo. Usiuze. Kaa hapa. Ulichokutana nacho nakifahamu tangu hujazaliwa, na ni kitu kitamu ajabu!

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo hapa Morogoro mjini. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila kitu kinaingia: redio, suruali za mitumba, na kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, nzito, zinanguruma kama mashine ya kukoboa. Chuo chetu kilikuwa na chumba kimoja cha mashine hizo. Nami, binti wa Kiluguru kutoka milimani juu ya Mlali, nikikaa mbele ya mojawapo nilikuwa nasahau hata kula.

Aliyenisomesha ni mjomba wangu, mzee Mkude. Sisi kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akisema amesema. Ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa mfereji wetu, anagawa zamu za maji kwa kila nyumba. Na miaka hiyo maji hayakuwa mchezo. Malori ya wafanyabiashara wa Dar yalianza kufika mpaka Mlali kuchukua nyanya na kabichi, kila nyumba ikaongeza matuta, na watu waliozoea kutaniana kilabuni wakawa wanaviziana banioni, pale maji yanapokingwa mtoni na kuingizwa mferejini.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Zubeda, mama wa Kitanga, mpole wa maneno lakini mbahili wa maksi. Alituagiza kila mmoja atengeneze programu inayohusu jambo la kwao, kisha wazazi waalikwe kuja kuona. Mimi nikatengeneza ukurasa wa zamu za mfereji. Kila nyumba ilikuwa na kitufe chenye jina lake, na ukikibonyeza, siku yake ya maji inatokea. Nilipomaliza nikabonyeza kitufe chetu, ambacho kilikuwa cha mwisho. Ikatokea: "Mkude, Jumamosi." Nikarukaruka peke yangu mle ndani, nikatoka kifua mbele.

Siku ilipofika mjomba akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na wazee wa mfereji, wote wamevaa makoti yao ya kanisani.

"Shikamooni," nikawaamkia.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Haya, Pepetua," mjomba akasema, uso umemng'aa, "waonyeshe wenzangu ulichotengeneza."

Wa kwanza kukaa alikuwa mzee Banzi, ambaye zamu yake ilikuwa Jumatatu tangu enzi za wazee wake. Alikishika kipanya kwa woga kama kifaranga, akabonyeza jina lake. Ikatokea: "Mkude, Jumamosi." Akabonyeza tena, ikatokea hiyo hiyo. Mzee Kobelo naye akajaribu jina lake: "Mkude, Jumamosi." Wakabonyeza majina yote, na nyumba zote zikawa Mkude.

Mzee Banzi akavua kofia. "Mkude, kumbe ndiyo maana unamsomesha huyu binti? Maji yote yawe yenu?"

"Banzi, acha utani."

"Sitanii mimi. Kesho baada ya misa tunakaa kikao, na usimamizi unautua."

Mjomba hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinivuta pembeni. "Mpwa wangu, mfereji ule nimeushika miaka yote bila mtu kuninyooshea kidole. Kabla hatujapanda gari la jioni nataka hawa wazee waelewe mashine yako imefanya nini. Ikishindikana, unafungasha tunarudi wote nyumbani."

Nilirudi kwenye kiti. Nikasoma programu yangu mstari kwa mstari. Majina sahihi, siku sahihi. Machozi yakanilenga. Mwalimu Zubeda akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, maagizo yote ni sahihi!"

"Sijakuuliza kama ni sahihi, binti. Niambie yanatekelezwa lini."

Lini? Mwanangu, niliposikia lile neno nikapiga kelele hadi chumba kizima kikageuka!

Sikiliza. Pale banioni kwetu kulikuwa na kibao kimoja tu. Mjomba alikuwa anaandika kwa chaki jina la nyumba yenye zamu, zamu ikiisha anafuta na kuandika jingine. Sasa chukulia naandika "Banzi", nakwambia wewe: "Ukiitwa, nenda kafungulie maji nyumba iliyoandikwa kibaoni." Nafuta, naandika "Kobelo", nampa dada yako agizo lile lile. Naendelea hivyo hadi "Mkude". Wakati wote huo hakuna aliyekwenda, mmekaa mnasubiri kuitwa. Jioni mnaitwa, mnakwenda kusoma kibao. Mtakuta nini? Mkude, nyote!

Ndicho nilichokuwa nimefanya. Kigeu kile nilichokiita "nyumba", yaani mahali programu inapoweka jina, kilikuwa kibao kimoja, na mzunguko wa programu, yale maagizo yanayojirudia kwa kila nyumba, ulikuwa unafuta na kuandika juu yake. Kila kitufe nilikipa fanksheni yake ndogo, yaani kifurushi cha maagizo kinachosubiri kuitwa, nikidhani imebeba jina lililokuwapo nilipoiunda. Haikubeba jina. Ilibeba njia ya kwenda kwenye kibao. Na kidole cha mzee Banzi kilipofika, mzunguko ulikuwa umekwisha zamani na kibao kinasema Mkude.

Basi nikaandika fanksheni nyingine pembeni, inayopokea jina la nyumba na kurudisha fanksheni ya kitufe. Kila hiyo ya pembeni inapoitwa, ya kitufe inazaliwa na kigeu chake kipya, ambacho mzunguko haukigusi tena. Yaani kila nyumba nikaichongea kibao chake. Na usije ukasema mashine ilikuwa na makosa. Ningetaka kitufe cha "Leo ni zamu ya nani?", kile kibao kimoja kinachobadilika ndicho hasa ningekihitaji. Uzuri wake ndio huo, unachagua mwenyewe!

Nikawaeleza wazee kwa kibao, kama nilivyokueleza wewe, kisha nikamwomba mzee Banzi ajaribu. Akabonyeza. "Banzi, Jumatatu." Akaangua kicheko. Akabonyeza cha Kobelo, akabonyeza na cha Mkude kuhakikisha hatujajiongezea, akarudia vyote, hadi Kobelo akamwambia ampishe na yeye. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Mwalimu Zubeda bila adabu. Kikao hakikukaa.

Jioni nikamsindikiza mjomba stendi. Gari lilipowashwa moto akanigeukia.

"Pepetua, ile siku ulipomaliza, ulibonyeza kitufe kipi?"

"Cha kwetu, mjomba."

"Cha kwetu tu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi ndiyo maana mimi leo nimeitwa mwizi." Akapanda gari. Dirishani akanipungia mkono, anatabasamu, lakini lile neno lilinishika na halijaniachia.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Unapoacha agizo litakalotekelezwa baadaye, jiulize litakuta nini wakati huo, jina ulilolikusudia au kibao kilichokwisha kufutwa. Na ukimaliza kazi yako, usikimbilie kitufe cha kwenu. Anza na cha jirani, kisha cha yule asiyekupenda. Cha kwenu kiwe cha mwisho.

Haya, fungua hiyo mashine tuone. Mungu akubariki, ayafumbue macho yako, na kila unachokiandika leo kimkute atakayekibonyeza kesho kikiwa bado na maana uliyoikusudia.