Mtoto Aliyeokotwa Jivuni

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Bwiza, nilifundishwa kusema uongo mmoja, na nikiusema vizuri napewa andazi. Jirani akiniuliza, "Mama yako amejifungua?" nijibu, "Apana, tunamulelea mutu." Uongo mwingine wowote ulikuwa wa fimbo, huu ulikuwa wa andazi la moto. Usinicheke. Mtoto wa miaka saba haulizi andazi limetoka wapi.

Mama alikuwa amezika watoto wawili baada yangu. Wa kwanza hakufika arobaini. Wa pili alishaanza kucheka na watu, ndipo akaondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi mimba ya tatu ilipoingia Mama hakushona hata kofia. Alikuwa akipita na tumbo lake uani kimya kimya, kana kwamba anaogopa kuliamsha. Bibi, mama yake baba, alimtazama hivyo miezi yote, halafu siku moja akasema, "Huyu hatumupokei. Huyu tutamutupa."

Nakumbuka alfajiri yenyewe kama mtu anavyokumbuka ndoto, vipande vipande. Ukungu wa ziwani umeingia mpaka uani. Moshi wa kuni umelala chini, hautaki kupanda. Nyuma ya jiko kuna jivu la juzi na jana, limepoa, na juu ya jivu kuna ungo, na ndani ya ungo kuna ndugu yangu, uchi, anapiga miayo. Bibi amesimama mbali naye, kampa mgongo. Mama yuko mlangoni mwa jiko, amejaza upindo wa kanga mdomoni.

Baba, fundi wa magari, mtu wa swala tano, alikuwa amekunja uso. "Mama, hii ni shirki."

"Basi we nenda musikitini ukamuombee," Bibi akamjibu. "Mi nabaki na jivu."

Baba akaenda. Uzeeni aliniambia kwamba asubuhi ile aliomba jambo moja tu, jirani asichelewe.

Hakuchelewa. Jirani mwenyewe ni Mama Esperansi, wa ukuta mmoja na sisi, Mrundi, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, muuzaji wa mchele uliotoka kwao Buterere. Alikuwa ameambiwa tangu usiku, na alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa kitenge kipya, lakini aliingia uani kama mpita njia.

"Yoo! Mana yanje, Mungu wangu! Nani ametupa mutoto huku?"

"Labda mbwa ameleta," Bibi akasema bila kugeuka.

"Tena mubaya hivi! Pua yenyewe haiko!"

"Chukua. Siye hatutaki."

Mama Esperansi akainama, akamtoa kwenye ungo, akampangusa jivu. "Basi ni wangu. Mi ndiye nimeokota. Jina lake Majivu." Halafu akamwendea Mama pale mlangoni. "We mama, una maziwa? Ninyonyeshee mutoto wangu."

Mama akampokea mtoto wake mwenyewe kama mtu anayeshikishwa mzigo wa abiria mwingine. "Nitamnyonyesha," akasema, "mtoto wa watu."

Serikalini Baba alimwandikisha Yasini. Nyumbani alikuwa Majivu. Na Mama, miaka yote, hakumwita kwa jina lingine ila hilo, mtoto wa watu. Mtoto wa watu, njoo ule. Mtoto wa watu, utaanguka! Kifo, alivyotueleza Bibi, kinatafuta kinachopendwa, na hakiokoti kilichotupwa. Siku Mama akitamka "mwanangu", kifo kitajua kimedanganywa. Mama atakuja kumkomboa kwa chumvi kutoka kwa aliyemwokota, Bibi alisema, siku jino la kwanza litakapong'oka. Kabla ya hapo, midomo ifungwe.

Leo nafundisha anthropolojia chuoni, mwaka wa kwanza. Naandika ubaoni "undugu wa kubuni", naandika "mila za mpito", vijana wananakili. Nawaambia wasikimbilie kuuliza imani fulani ni ya kweli au si ya kweli, waulize kwanza inafanya kazi gani kati ya watu. Ni sentensi nzuri, na huja kwenye mtihani. Ila mimi mwenyewe kila nikiitamka namwona Mama na upindo wa kanga mdomoni.

Maana kulikuwa na ile homa. Majivu alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Jioni moja akachemka mwili mzima, macho yakapanda juu, na Mama akamkumbatia. Niliona mdomo wake unafunguka. Neno lilikuwa pale pale, wallahi nililiona. Bibi, pamoja na magoti yake mabovu, aliruka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usimuite! Utamumaliza!"

Nikatumwa ukutani kumwita Mama Esperansi. Akaja mikono imejaa pumba za mchele, akasimama katikati ya chumba, akaanza kugombana na hewa. "Unatafuta nini hapa? Huyu wa kwangu! Hapa hana mama! Toka, fyuu!" Baba akaingia, akampakia mtoto na Mama kwenye pikipiki ya mteja, wakaenda hospitali, akachomwa sindano. Asubuhi homa ikashuka. Baba alisema ni sindano. Bibi alisema ni Mama Esperansi. Kwa siku kadhaa alama za vidole vya Bibi zilibaki shavuni kwa Mama.

Jino likang'oka. Lakini Bibi alikuwa ameshakufa, na Mama Esperansi alikuwa amerudi Buterere kulima mpunga wa wazazi wake. Baba akasema twende tukamkomboe. Mama akasema, "Tungoje kwanza." Mwaka ukapita, tungoje kwanza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Majivu akaota ndevu, akawa dereva wa lori, bado anaitwa mtoto wa watu, naye anaitika "Labeka" bila kinyongo.

Ni harusi yake iliyotubana. Kwa watu wa binti, mama wa bwana harusi lazima asimame aseme, huyu ni mwanangu, nipeni mke. Mama akaniambia, "Mi siwezi. Nikisema na kitu kikampata barabarani?" Mwanamke mzima, ana wajukuu, na machozi yanamtiririka. Nikanunua chumvi.

Buterere mvua ilikuwa imenyesha, maji yamekaa uani mpaka kizingitini, mpunga na mbingu huwezi kujua kipi kinaanzia wapi. Mama Esperansi, mzee sasa, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akatuona, akaiona chumvi, akacheka mpaka akakohoa.

"Mumekuja kumuchukua! Mi nilifikiri mumeniachia."

Hakuna aliyecheka naye. Akamwangalia Majivu muda mrefu, lile jitu lililoinamisha kichwa chini ya paa lake. Niliogopa atakataa, na nafikiri alitaka kukataa. Mwisho akaonja chumvi kwa kidole, akamtia Majivu, na ndevu zake zote, punje chache ulimini, kama mtoto mchanga.

"Enda kwenu," akasema. "Lakini kwenye harusi mi nakaa mbele. Na kitenge munishonee."

Kisha akamtazama Mama. "Haya. Muite."

Mama alifumba macho. Maji yalikuwa kimya uani kote. Neno lilitoka dogo, limechakaa kwa kukaa ndani.

"Mwanangu."

Na ndugu yangu hakuitika. Aligeuka nyuma kutazama nani ameitwa.

Mama akaona. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwake, akalisema tena, sasa kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Ndipo jitu lile likalia.

Mimi nimeitwa mwanangu tangu nizaliwe. Mwanangu osha vyombo, mwanangu funga mlango. Siku ile, kizingitini mwa Mama Esperansi na viatu vimelowa, ndipo nililisikia neno lenyewe.